Kununua kadi za kale za besiboli kutoka kwa familia: mwongozo kwa mnunuzi

Mikusanyo mingi ya kadi za zamani za besiboli inayoibuka Marekani leo hutoka katika nyumba ya mzee aliyefariki, au aliyehamia kwenye makao ya wazee, wakati watoto na wajukuu wanapoipitia chumba kwa chumba ili iuzwe. Mwezi Februari mwaka 2012, familia moja ya mji wa Defiance, jimbo la Ohio, ilikuwa katika kazi hiyo darini mwa nyumba ya babu yao ilipokuta boksi lenye kadi zipatazo 700 zilizochapwa mnamo mwaka 1910, zikiwa na sura za wachezaji nyota wa zama hizo kama Ty Cobb, Cy Young na Honus Wagner, na nyingi zikiwa safi kana kwamba hazijawahi kuguswa na mtoto. Kadi 37 tu kati ya hizo zilipigwa mnada mjini Baltimore mwezi Agosti mwaka huo na kuleta zaidi ya dola 500,000.

Familia ile iliamua kupeleka kadi zake kwa kampuni ya mnada. Familia nyingine nyingi hupendelea kumuuzia mtu mmoja anayekuja nyumbani, anayelipa mara moja na kuondoka na boksi zima, kwa sababu zimechoka na msiba na zinataka shughuli iishe. Mwongozo huu unamhusu mnunuzi huyo. Anaingia katika nyumba ya watu akiwa anajua mengi kuliko wenyeji wake kuhusu kitu anachotaka kukinunua, na kwa maoni yangu tofauti hiyo ya maarifa inamwekea wajibu wa kuieleza familia kile anachokiona kabla hajataja bei. Hatua zote zinazofuata zimepangwa kwa kuzingatia wajibu huo.

Hatua ya kwanza: hakikisha anayeuza ana haki ya kuuza

Anayepiga simu kwa kawaida ni mtoto au mjukuu mmoja, naye huzungumza kana kwamba mali ni yake peke yake. Muulize kwa upole mwenye kadi ni nani. Iwapo mwenyewe yuko hai na ana akili timamu, zungumza naye moja kwa moja hata kama ni mtoto wake aliyekualika. Iwapo amefariki, uliza kama kuna wosia na nani ameteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi, kwa kuwa ndiye mwenye mamlaka ya kuuza mali ya marehemu kabla haijagawanywa. Sheria za mirathi hutofautiana jimbo kwa jimbo, na majimbo mengi yana utaratibu mwepesi kwa mirathi midogo, lakini hata katika utaratibu huo huwepo karatasi yenye jina na sahihi ya mtu. Omba kuiona. Ndugu aliyeko mbali ambaye hakushirikishwa anaweza kuibuka miezi sita baadaye na kudai kwamba kadi ziliuzwa bila ridhaa yake, na wakati huo utakuwa umekwishaziuza au kuzipeleka kwa kampuni inayopima hali ya kadi na kuipa daraja.

Hapa nina neno kwa wasomaji wetu waishio Marekani, kwa kuwa wengi wenu mnafanya kazi ya kuwalea wazee majumbani na katika vituo. Ikiwa mwenye kadi ni mzee unayemhudumia, usinunue, hata kama yeye mwenyewe anakusihi na hata kama bei ni ya haki. Waajiri wengi wa sekta hiyo wanakataza biashara ya namna hiyo, na hakuna maelezo yatakayokuondolea shaka ya kwamba ulitumia udhaifu wa mtu aliye mikononi mwako. Mwambie mwanawe kwamba boksi linastahili kutazamwa na mtaalamu, kisha ujitoe.

Hatua ya pili: omba kutazama, na uziguse kadi kama mali ya mwingine

Siku ya kwanza nenda kutazama tu, na uwaambie hivyo mapema ili wasijione wanabanwa waamue. Wape pole kama kuna msiba. Nawa mikono na uikaushe vizuri, kisha omba meza safi isiyo na vinywaji na ukae mahali ambapo wenyeji wanaona kila unachokifanya. Picha zipigwe kabla kitu chochote hakijaondolewa katika mpangilio wake: boksi likiwa limefungwa, boksi likiwa wazi, kila fungu likiwa kama lilivyokutwa. Picha hizo zinailinda familia, nawe pia zinakulinda.

Utakachokutana nacho mara nyingi ni mafungu ya kadi yaliyokazwa kwa raba. Raba iliyokaa miaka 60 hukauka na kuwa ngumu, na sehemu iliyogusa kadi huyeyuka na kuganda kama gundi kwenye kingo. Ukiivuta, itakatika na kuchuna karatasi pamoja nayo. Ikate kwa mkasi mdogo usio na ncha kali upande ambao haijashikana na kadi, kisha mabaki yaliyoganda uyaache yalivyo. Kadi ya juu na ya chini ya kila fungu huwa na vipande vidogo vilivyoliwa na raba ubavuni, wakati za katikati zinaweza kuwa salama kabisa, kwa hiyo usilihukumu fungu kwa kadi ya juu. Usifute alama ya penseli na usisafishe doa lolote, wala usijaribu kunyoosha mkunjo kwa kukandamiza. Katika kadi za miaka ya 1950 utaona mara kwa mara kwamba mtoto amekata jina la timu kwa kalamu na kuandika jingine juu yake, kwa sababu mchezaji alihama katikati ya msimu naye alitaka kadi yake iende na wakati. Alama hiyo inashusha bei, lakini kuifuta huishusha zaidi, na kadi iliyofutwa ikiuzwa bila maelezo huwa ni udanganyifu.

Hatua ya tatu: tambua kadi ni za zama zipi

Huna haja ya kukariri kila seti, yaani kila kundi la kadi lililotolewa pamoja. Zama nne zinatosha kwa kuanzia, na rula itakusaidia kuliko kumbukumbu.

Za kwanza ni kadi za tumbaku na peremende, zilizotolewa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Maarufu zaidi ni seti ambayo wakusanyaji huiita T206, iliyowekwa ndani ya pakiti za sigara kati ya mwaka 1909 na 1911. Kadi zake ni ndogo, upana wa sentimita 3.7 hivi na urefu wa sentimita 6.7, na nyuma zina matangazo ya sigara au tumbaku kama Piedmont, Sweet Caporal au Polar Bear. Geuza kila kadi. Familia hutazama sura ya mchezaji tu, ilhali tangazo la nyuma linaweza kubadilisha thamani kabisa: mwaka 2016 kadi saba za Ty Cobb zilikutwa katika mfuko wa karatasi uliokunjamana, na kilichozifanya zitikise soko ni kwamba nyuma yake kulikuwa na tangazo la tumbaku iliyobeba jina la Cobb mwenyewe, ambalo ni adimu mno.

Baada ya hapo zinakuja kadi za chingamu za miaka ya 1930, hasa seti ya kampuni ya Goudey ya mwaka 1933 yenye kadi nne tofauti za Babe Ruth. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ambamo karatasi nyingi zilikusanywa kwa matumizi ya vita na kadi nyingi zikapotelea humo, kampuni ya Bowman ilianza kutoa zake mwaka 1948, na Topps ikatoa seti yake kubwa ya kadi 407 mwaka 1952. Kadi namba 311 ya seti hiyo ni ya Mickey Mantle. Sehemu ya mwisho ya seti ilifika madukani msimu ukiwa unaisha na haikuuzika, na Sy Berger, mtumishi wa Topps aliyeibuni, alieleza baadaye kwamba shehena iliyobaki ilipakiwa kwenye tishari na kumwagwa katika Bahari ya Atlantiki. Mwezi Agosti mwaka 2022 kadi moja ya Mantle ya mwaka huo, ikiwa katika hali ya pekee, iliuzwa kwa dola milioni 12.6. Topps iliinunua Bowman mwaka 1956 na kubaki karibu peke yake sokoni hadi mwaka 1981, kampuni za Fleer na Donruss zilipoingia.

Zama ya nne ndiyo itakayokuletea mazungumzo magumu. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, kampuni zilichapa kadi kwa wingi uliopita mahitaji yote, na watu walizihifadhi kwa mamilioni wakiamini zingewasomeshea watoto. Baba anaweza kukuonyesha kwa fahari masanduku kumi ya mwaka 1989 na kulisahau kabisa boksi dogo la kaka yake la mwaka 1956. Mweleze ukweli mapema na kwa heshima: kadi nyingi za kipindi kile haziuziki hata kwa senti chache kila moja, isipokuwa chache kama ile ya Ken Griffey Jr. iliyotolewa na kampuni ya Upper Deck mwaka 1989, tena ikiwa haina dosari.

Hatua ya nne: tenganisha kadi halisi na nakala

Hapa usifanye haraka. Kadi zote kubwa zimechapwa upya mara nyingi, nyingine kihalali na nyingine kwa nia ya kutapeli, na familia haijui kwamba Honus Wagner aliyekutwa kwenye albamu ya mjomba alinunuliwa dukani kama ukumbusho. Anza na kipimo. Mwaka 1983 Topps yenyewe ilichapa upya seti yake ya mwaka 1952, lakini kwa ukubwa wa kadi za kisasa, yaani sentimita 6.4 kwa 8.9, wakati kadi halisi ina sentimita 6.7 kwa 9.5, na nyuma ya nakala kuna maandishi yanayosema kuwa ni toleo la kurudiwa. Aliyekata sehemu hiyo au kuikwangua atakuwa ameacha alama utakayoihisi kwa kidole.

Kisha tumia lenzi ya kukuza mara kumi. Katika kadi halisi ya T206, jina la mchezaji chini ya picha limechapwa kwa wino mmoja wa kahawia uliojaa, lakini katika nakala nyingi herufi hizo hizo zimejengwa kwa vitone vidogo vya rangi mbalimbali kama picha ya gazeti. Taa ya urujuanimno nayo inasaidia: karatasi nyingi zilizotengenezwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 zina kemikali ya kung'arisha weupe, ambayo humeremeta kwa buluu chini ya taa hiyo, na kadi inayodaiwa kuwa ya mwaka 1910 haipaswi kumeremeta hivyo. Kipimo hiki kinafaa kukataa, hakitoshi kuthibitisha, kwa sababu matapeli hutumia karatasi za zamani.

Hatari nyingine ni kadi halisi iliyokatwa pembeni ili kona zake zionekane kali. Kesi inayojulikana kuliko zote ni ya kadi ya Honus Wagner iliyonunuliwa mwaka 1991 na Wayne Gretzky, nyota wa hoki, pamoja na mshirika wake, kwa dola 451,000. Kadi hiyo ndiyo ya kwanza kupewa daraja na kampuni ya PSA, ilipata 8 kati ya 10, na mwaka 2013 Bill Mastro, aliyewahi kuimiliki na kuiuza, alikiri kwamba alikuwa ameikata pembeni. Ikiwa hilo liliwapita wataalamu, litakupita wewe pia usipopima kila kadi ya thamani na kuilinganisha na jirani zake wa seti ile ile. Faraja iliyopo ni kwamba kadi zilizolala darini tangu utotoni mwa mwenyewe mara nyingi hazijaguswa na wajanja, na harufu ya boksi, vumbi sawia juu ya fungu zima na kadi za wachezaji wa kawaida zilizochanganyika na za nyota ni dalili nzuri. Boksi lenye nyota watupu litie shaka.

Hatua ya tano: pima hali na uandike orodha

Hali hupimwa kwa mambo manne: kona, kingo, uso wa kadi na jinsi picha ilivyokaa katikati ya ukingo mweupe. Inamisha kadi chini ya taa moja ya pembeni, kwani mkunjo mwembamba usioonekana ukitazama moja kwa moja hujitokeza kama uzi mwanga unapoupiga kwa ubavu. Tazama nyuma kama kuna doa la chingamu au alama ya nta ya karatasi ya kufungia, na kama karatasi imechunika kwa kutolewa kwenye albamu iliyogundishwa. Kadi ile ile ikiwa daraja la 8 inaweza kuuzwa kwa mara kumi au zaidi ya bei yake ikiwa daraja la 2, kwa hiyo usikisie kwa matumaini.

Andika orodha mbele ya wenyeji: mwaka, kampuni, namba, jina, hali unayoikadiria na dosari ulizoziona. Nyota zote na kadi za kwanza za wachezaji waliokuja kuwa wakubwa ziandikwe moja moja, kwa mfano Hank Aaron katika Topps ya 1954 au Roberto Clemente katika ile ya 1955. Za kawaida zihesabiwe kwa seti. Acha nakala ya orodha kwa familia, pamoja na picha, kisha uondoke. Kuiacha orodha pale kunawapa nafasi ya kumuuliza mtu mwingine, na mnunuzi asiyestahimili hilo hapaswi kununua kwa wafiwa.

Hatua ya sita: tafuta bei na ueleze ofa yako

Bei iliyoandikwa na muuzaji kwenye tangazo haina maana mpaka mtu ailipe. Tafuta mauzo yaliyokamilika katika miezi michache iliyopita, kwenye tovuti ya mauzo ya eBay na katika kumbukumbu za minada ya kampuni kama Heritage, za kadi ile ile katika daraja lile lile, na uchukue wastani wa kadhaa badala ya ile ya juu kabisa au ya chini kabisa.

Mnunuzi halali lazima apate nafasi ya faida, kwa sababu atalipia upimaji na posta, ataachia asilimia fulani sokoni, na atabeba hatari ya daraja kushuka. Binafsi naona ni haki kutoa asilimia 70 hadi 80 ya bei ya soko kwa kadi za nyota zinazouzika haraka, na asilimia 40 hadi 50 kwa za kawaida ambazo zitakaa nawe muda mrefu. Tuseme kadi 12 bora zina thamani ya dola 6,000 na nyingine 588 zina dola 1,800: asilimia 70 ya za kwanza ni 4,200, asilimia 45 ya za pili ni 810, na ofa inakuwa dola 5,010. Waonyeshe hesabu hiyo hiyo kwenye karatasi. Familia inayoelewa kwa nini haipewi dola 7,800 zote hukubali kwa moyo, au hukataa kwa sababu inayoeleweka, na pande zote mbili zinabaki na heshima.

Wengine husema kwamba sheria haimlazimishi mnunuzi kumfundisha muuzaji. Mwaka 1990, jimboni Illinois, mvulana alinunua dukani kwa dola 12 kadi ya kwanza ya Nolan Ryan, ya mwaka 1968, iliyokuwa na thamani ya dola 1,200, kwa kuwa muuzaji wa zamu aliisoma vibaya bei. Mwenye duka alishtaki, na mwishowe pande mbili zilipatana kadi ipigwe mnada kwa ajili ya hisani. Katika kisa hicho muuzaji alikuwa duka la kadi lenye mwenye utaalamu. Mjane mwenye boksi la mumewe hana hata hilo. Ukiona kadi moja yenye thamani kuliko nyingine zote pamoja, itaje kwa jina na uieleze. Ikiwa inazidi uwezo wako, waambie waipeleke mnadani, nawe ununue zilizobaki. Njia nyingine ni kuwauzia kwa niaba yao kwa kamisheni mliyoiandika, au kukubaliana kwamba kadi fulani ikipata daraja la juu kuliko mlilokadiria, nao wapate sehemu ya ziada hiyo.

Hatua ya saba: hati, malipo na kodi

Andikeni hati fupi ya mauziano yenye tarehe, majina na sahihi za wenye haki wote, bei, na orodha ikiwa kiambatisho. Lipa kwa hundi iliyotolewa na benki yenyewe au kwa uhamisho wa benki. Fedha taslimu huwatia wazee hatarini, na biashara inayopokea zaidi ya dola 10,000 taslimu hulazimika kutoa taarifa kwa mamlaka ya kodi. Waeleze pia kwamba, kwa kawaida, mali ya urithi nchini Marekani huhesabiwa kodi kuanzia thamani yake siku mwenyewe alipofariki, kwa hiyo wanaouza mapema baada ya msiba mara nyingi hudaiwa kidogo au hawadaiwi kitu, na wamuulize mhasibu wao. Wewe ukikaa na kadi hizo zaidi ya mwaka mmoja kama mkusanyaji, faida yako inaweza kutozwa kodi ya serikali kuu hadi asilimia 28, kwa hiyo tunza risiti.

Hatua ya nane: kuzibeba na kuzihifadhi

Pitia boksi mara ya mwisho pamoja nao na utoe barua, picha na vitambulisho vilivyojificha kati ya kadi, kwani vitu hivyo havikuuzwa. Kila kadi yenye thamani iingie kwenye mfuko wake mwembamba wa plastiki isiyo na PVC, kisha kwenye kifuko kigumu, na zilizobaki zisimame kwenye maboksi ya karatasi isiyo na asidi bila kubanwa. Usiziache ndani ya gari wakati wa joto, na nyumbani zikae mbali na jua na unyevu, si darini wala chini ya ardhi. Za kupimwa na kampuni za PSA au SGC zitume kwa posta iliyokatiwa bima ya thamani yote, ukiwa na picha za mbele na nyuma za kila moja, na madaraja yakirudi uiarifu familia kama mlivyoandikiana.